Makadirio Si Kadari: Mgonjwa wa Mishipa Aulizwe kwa Lugha Anayoielewa

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya upili nchini Kenya anaijua sajili ya hospitali. Ameisoma katika isimujamii na kuziorodhesha sifa zake: istilahi za kitaaluma, kuchanganya ndimi, maswali na majibu, lugha ya upole na ya kuliwaza. Akiulizwa katika mtihani huzitiririsha zote bila kusita, naye mwalimu humtuza alama zake. Hata hivyo, katika miaka yangu yote ya kufundisha isimu, sijaiona karatasi ya mtihani iliyomuuliza mwanafunzi swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: je, mgonjwa na daktari walielewana? Na kama hawakuelewana, ni nani aliyelipa gharama?

Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kuangalia uwanja mmoja tu wa tiba ya kisasa, yaani upimaji wa hatari inayomkabili mgonjwa kabla ya kupasuliwa mishipa ya damu. Msomaji asishangae kumwona mwanaisimu akibisha hodi katika chumba cha upasuaji. Kabla ya kisu kushikwa huwapo mazungumzo, na mazungumzo hayo yakienda kombo, hesabu yote inayoyafuata huwa imejengwa juu ya mchanga.

Niruhusiwe kuanza na kisa cha nyumbani. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkaazi wa Makadara, hapa kisiwani Mombasa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa zaidi ya miaka 20, na alijidunga insulini mwenyewe asubuhi na jioni. Mwaka mmoja, alipokuwa amemtembelea mwanawe mbali na Pwani, kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilianza kugeuka rangi. Kwa muda mrefu kabla ya hapo alikuwa na shida ya kutembea. Mwendo wa kutoka nyumbani hadi msikitini, ambao zamani aliumaliza kabla ya mwadhini kumaliza adhana, ulikuwa ukimlazimu kusimama mara tatu huku kigimbi kikimkaza kana kwamba kimefungwa kamba. Madaktari wa hospitali moja ya huko, ambayo sina haja ya kuitaja, waligundua kuwa mshipa upelekao damu mguuni umeziba. Wakapendekeza apasuliwe ili damu itafutiwe njia nyingine, mguu usije ukakatwa.

Nilikuwapo siku alipohojiwa. Daktari kijana, mwenye adabu na bidii, aliuliza kwa Kiingereza, muuguzi akafasiri: "Mzee, una maumivu ya kifua?" Mjomba akajibu upesi, karibu kwa kuudhika: "La, mwanangu, kifua sina mimi." Daktari akaandika kuwa hana. Nami, mtu niliyetunukiwa shahada ya uzamifu katika isimu, nilikaa pale kitini nikaliacha jibu hilo likapita.

Nilipaswa kulizuia. Kwa watu wa makamo ya mjomba na wa mtaa wake, "kifua" ni jina la maradhi. Mwenye kifua ni mwenye kikohozi kisichomwacha, na aghalabu neno hilo hutumiwa kama tasfida ya kifua kikuu. Kumuuliza mzee wa heshima kama ana kifua, mbele ya watu, ni karibu sawa na kumuuliza kama anawaambukiza wajukuu wake. Alikana, na kwa jinsi alivyolielewa swali, alikuwa na haki ya kukana.

Siku mbili baadaye muuguzi mwingine alikuja kumpima presha. Huyu alikuwa mama wa makamo, na kwa bahati njema alikuwa mzaliwa wa Mji wa Kale. Alipokuwa akimfunga kile kitambaa mkononi, akamuuliza kwa lafudhi ya kwao: "Baba, upandapo ngazi za nyumbani, moyo haukubani?" Mzee akacheka. "Moyo wanibana kila siku, mwanangu! Nikifika darini hukaa kitako kwanza, ukipoa ndipo niingie ndani." Akaongeza kuwa hali hiyo ilikuwa na miaka miwili, na kwamba akiitibu kwa tangawizi kwa kuwa aliidhania ni riahi.

Daktari aliitwa. Mashine ya kuandika mapigo ya moyo ililetwa, na karatasi yake ikaonyesha kovu la mshtuko wa moyo uliokwisha kupita bila mwenyewe kujua. Upasuaji ukaahirishwa kwa majuma kadhaa, dawa zikabadilishwa, na mpango wa kumtia usingizi ukafikiriwa upya. Hatimaye alipasuliwa. Alipoteza vidole viwili, mguu ukabaki, naye akaishi miaka minne zaidi. Sidai kuwa swali la yule mama ndilo lililomwokoa, kwani pengine angepona vyovyote iwavyo. Ninalodai ni kuwa, kuanzia swali lile, uamuzi ulifanywa kwa habari za kweli.

Ili msomaji aone uzito wa jambo lenyewe, yafaa aelewe jinsi hesabu hii inavyofanywa. Mtu ambaye mishipa ya miguu yake imeziba mara nyingi huwa na mishipa ya moyo iliyoathirika vilevile, kwa sababu adui ni yule yule: sukari, shinikizo la damu, tumbaku, mafuta ya damu na umri. Kwa hivyo kinachohofiwa zaidi katika upasuaji wa mguu huenda kisiwe mguu, bali moyo. Mwaka wa 1977 daktari Mmarekani Lee Goldman na wenzake walichapisha kipimo kilichotokana na wagonjwa 1,001 wa mjini Boston, kilichojaribu kutabiri ni nani angepatwa na matatizo ya moyo baada ya upasuaji usiohusu moyo. Mwaka wa 1999 Thomas Lee na wenzake, wakiwa Boston pia, wakakirahisisha baada ya kuchunguza wagonjwa 4,315. Kipimo chao kina mambo sita tu, na hadi leo kinatumika katika nchi nyingi.

Mambo yenyewe ni haya. La kwanza ni aina ya upasuaji: je, ni ule mkubwa wa kufungua tumbo au kifua, au wa mishipa iliyo juu ya kinena? La pili, je, mgonjwa ana ugonjwa wa mishipa ya moyo? La tatu, je, moyo wake umewahi kushindwa kusukuma damu ipasavyo? La nne, je, amewahi kupatwa na kiharusi, hata kile cha kupita? La tano, je, anatumia insulini? La sita, je, figo zake zimedhoofika, kwa kipimo cha kreatinini kilichozidi miligramu 2 katika kila desilita ya damu? Kila jibu la "ndiyo" ni alama moja. Katika kundi la wagonjwa lililotumiwa kukihakiki kipimo hicho, waliokosa alama yoyote walipata matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 0.4. Wenye alama moja walipata kwa asilimia 0.9, wenye mbili asilimia 7, na wenye tatu au zaidi asilimia 11.

Sasa na tumrudie mjomba. Upasuaji wake ulikuwa chini ya kinena, kwa hivyo haukuhesabiwa katika jambo la kwanza. Alitumia insulini: alama moja. Baada ya jibu lake la "kifua sina mimi," alama zake zilibaki hiyo moja, na hatari yake kwenye karatasi ikawa ya mtu mmoja hivi kati ya 100. Baada ya swali la "moyo haukubani?" alama zikawa mbili, na hatari ikawa ya watu saba kati ya 100. Moyo wa mzee ulikuwa ule ule siku ya kwanza na siku ya tatu. Kilichobadilika ni neno. Kadhalika ifahamike kuwa uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa, kwa wagonjwa wa mishipa, kipimo hiki huelekea kupunguza hatari kuliko ilivyo, hivyo basi huenda hata hiyo saba ilikuwa ndogo.

Hebu mwalimu ayatazame tena mambo hayo sita kwa jicho la kiisimu. Aina ya upasuaji daktari anaijua mwenyewe. Figo hupimwa kwa maabara. Manne yaliyosalia yanategemea sana kinywa cha mgonjwa, au faili yake ikiwa ipo na imetunzwa. Kwetu, ambako mgonjwa huhama kutoka zahanati hadi hospitali akiwa na daftari la shilingi chache lililokunjwa mfukoni, mara nyingi kinywa ndiyo faili. Na kila moja ya maswali hayo lina mtego wake.

Ukimuuliza mzee kama amewahi kupatwa na kiharusi, atakuambia hajawahi. Ukimuuliza kama kuna siku mdomo ulikwenda upande, au mkono ukafa ganzi kisha ukarudi kabla ya magharibi, atakumbuka siku "alipopitiwa na upepo" akaitiwa shehe kumsomea. Ukimuuliza kama moyo wake una udhaifu, atakuambia moyo wake ni wa chuma, kwa maana moyo katika lugha yetu ni ushujaa kabla ya kuwa kiungo. Muulize analala na mito mingapi, na kama huamka usiku akitweta na kwenda dirishani kutafuta hewa. Ukimuuliza kama anatumia insulini, huenda akakana, ilhali kila asubuhi anadunga "sindano ya sukari." Hakuna uongo wowote hapo. Pana watu wawili wanaosema Kiswahili kimoja na kumaanisha vitu viwili.

Liko swali jingine ambalo madaktari hulipenda, nalo ni la nguvu za mwili: je, unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kupumzika? Swali hili lingeweza kutungwa katika Mji wa Kale, ambako nyumba nyingi zina ngazi nyembamba zilizosimama wima, na bibi wa miaka 70 huzipanda akiwa na kikapu cha sokoni. Lakini kwa mgonjwa wa mishipa ya miguu swali hilo nalo linahitaji kufuatiwa na lingine. Mgonjwa huyu husimamishwa na mguu kabla hajafika pale ambapo moyo ungelalamika. Akisema "siumwi na moyo," huenda ni kwa sababu mguu umemzuia kuujaribu moyo wake. Kwa hivyo haitoshi kuuliza kama alisimama njiani. Lazima aulizwe ni nini kilichomsimamisha: kigimbi, pumzi, au kubanwa.

Nimelitaja neno "mshipa" mara kadhaa kana kwamba maana yake ni moja. La hasha! Katika Kiswahili cha kila siku mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni, na ni njia ya damu irudiyo moyoni. Ni neva, ni kano, na fauka ya hayo ni ugonjwa wa ngiri na wa busha. Mwanamume akiambiwa na daktari kuwa atapasuliwa mshipa, pana uwezekano mkubwa wa kufikiri kuwa anapelekwa kupasuliwa ngiri, akaona haya hata ya kuuliza. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili kutoka Tanzania vimekwisha kutupatia ateri na vena. Maneno haya si mageni kuliko "presha" na "bajeti," ambayo tumeyapokea bila kelele. Lakini istilahi pekee haimtoshi mgonjwa. Anahitaji aambiwe: "Ni ule mshipa uletao damu mguuni kutoka moyoni. Umeziba hapa, juu ya goti." Kidole cha daktari kikigusa mahali hapo, istilahi imekamilika.

Tuje kwa neno lililo kiini cha mjadala huu: hatari. Kwa Kiingereza daktari hutofautisha kati ya jambo la kutisha lililopo na uwezekano wa jambo baya kutokea. Sisi yote mawili tumeyapa jina moja. Mtoto wa Mombasa hujifunza kulisoma neno HATARI kwenye mlingoti wa stima, chini yake pamechorwa fuvu la kichwa. Maana yake ni: usikaribie. Sasa mgonjwa anakaa mbele ya daktari, anaambiwa, "Mzee, upasuaji huu una hatari." Anachokiona ni lile fuvu. Anaondoka, anarudi nyumbani, na kidole kinaendelea kuoza. Hakuna aliyemwambia kuwa kukaa nyumbani nako kuna hatari yake, pengine kubwa zaidi, kwa kuwa mguu usiofikiwa na damu mara nyingi huishia kukatwa, na sumu ya kidonda huweza kuingia mwilini mzima.

Mwanasaikolojia wa Kijerumani Gerd Gigerenzer ametumia miaka mingi kuonyesha kuwa binadamu huielewa hatari vizuri zaidi anapotajiwa hesabu ya watu kuliko anapotajiwa asilimia. Jambo hili linaafikiana na lugha yetu. Badala ya "hatari ni asilimia saba," na tuseme: "Wakipasuliwa watu mia moja walio na hali kama yako, saba watapata shida kubwa ya moyo, na tisini na watatu hawataipata. Hatujui wewe uko katika kundi gani. Na tusipokupasua, hili ndilo tunalolitarajia." Mzee asiyejua kusoma ataielewa sentensi hiyo, maana maisha yake yote amehesabu nazi, samaki na watu.

Wapo watakaosema kuwa mzee wa Pwani hapendi hesabu za namna hiyo, kwamba atajibu kuwa ajali haina kinga na kila kitu ni kadari. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu jina la mtaa wenyewe lina la kutufunza. Wazee wa Mombasa hulihusisha jina Makadara na neno la Kiarabu lenye maana ya kadari ya Mwenyezi Mungu, na hulitaja pamoja na habari za Wabaluchi, askari wa masultani waliopata makao mtaani humo. Hata Hospitali Kuu ya Pwani wenyeji wengi huiita Makadara mpaka leo. Ukiuchunguza mzizi huo wa k-d-r, utaona jinsi ulivyozaa ukoo mkubwa katika lugha yetu. Kutoka humo tumepata kadari, yaani yale Mungu aliyoyaandika. Tumepata kudura, yaani uwezo wake. Lakini kutoka humo humo tumepata kitenzi kadiria, na nomino makadirio: kazi ya mwanadamu ya kupima kwa akili aliyopewa. Fundi hukadiria mbao, nahodha hukadiria upepo, waziri wa fedha husoma makadirio ya matumizi. Hakuna anayewaambia kuwa wamekufuru.

Kwa hivyo lugha yenyewe haioni ugomvi kati ya mambo haya mawili. Wala dini haiuoni. Ni nani Pwani asiyejua mafunzo ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali? Mjomba wangu aliamini kadari hadi pumzi yake ya mwisho, na bado hakusafiri kwa jahazi bila kumuuliza nahodha habari za kusi. Aliyemnyima makadirio ya upasuaji wake hakuwa Mungu, ilikuwa ni swali lililoulizwa vibaya.

Najua pingamizi la pili, ambalo ni zito zaidi. Msomaji atasema: mhadhiri, unazungumzia maneno ilhali hospitali zetu zina upungufu wa vitanda, wauguzi na madaktari. Ni kweli, na takwimu zinauma. Utafiti uliofanywa katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la The Lancet, chini ya uongozi wa Bruce Biccard wa Afrika Kusini, ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 11,000 waliopasuliwa. Ulibainisha kuwa walifariki takriban wawili kati ya kila 100, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi wao walikuwa vijana na wenye hatari ndogo kuliko wagonjwa wa kwingineko. Wengi mno kati ya waliofariki, zaidi ya tisa kwa kila 10, hawakufa siku ya upasuaji, bali siku zilizofuata, wakiwa wodini.

Takwimu hizo hazilipunguzi hoja langu uzito, bali zinalikoleza. Penye muuguzi mmoja na wagonjwa wengi, ni lazima ijulikane mapema nani aangaliwe kila saa na nani aachwe alale. Watafiti hao wenyewe walitengeneza kipimo cha kutambua, kabla ya upasuaji, wagonjwa watakaohitaji uangalizi wa karibu zaidi. Kipimo kama hicho hakihitaji mashine ya mamilioni. Kinahitaji majibu sahihi, na majibu sahihi huzaliwa na maswali yanayoeleweka. Ukosefu wa kitanda cha wagonjwa mahututi hauwezi kutatuliwa na mwalimu wa Kiswahili. Ukosefu wa swali zuri unaweza.

Tena isidhaniwe kuwa makadirio ni kisingizio cha kumpa mgonjwa dawa zaidi na vipimo zaidi. Mwaka wa 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa POISE, lililohusisha wagonjwa 8,351. Nusu yao walianzishiwa dawa ya kutuliza mapigo ya moyo saa chache kabla ya upasuaji, kwa matarajio kuwa ingewakinga. Walipata mishtuko ya moyo michache zaidi, kama ilivyotarajiwa, lakini vifo na viharusi viliongezeka. Miaka minne kabla ya hapo, jaribio jingine la Marekani lilikuwa limeonyesha kuwa kuwatengenezea wagonjwa mishipa ya moyo kwanza, kabla ya upasuaji wa mishipa mingine, hakukurefusha maisha yao. Tiba ina unyenyekevu wake, nayo hujikosoa hadharani kwa takwimu. Laiti nasi wa taaluma za lugha tungejikosoa hivyo!

Mwisho, jambo hili si hisani tunayomwomba daktari. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Ibara ya 43 imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 imekwenda mbali zaidi. Inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa manufaa, hatari, gharama na matokeo ya tiba, na afanye hivyo, inapowezekana, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Hati ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza tupu, ikatiwa alama ya dole gumba na bibi asiyejua hata herufi moja, inaweza kuwa na wino wote unaotakiwa lakini ridhaa haimo.

Tufanye nini basi? Kwanza, walimu wa Kiswahili waifunze sajili ya hospitali kama mazungumzo yenye matokeo. Mwanafunzi apewe mahojiano ya daktari na mgonjwa, aambiwe atafute mahali walipopotezana na ayaandike upya maswali. Mtahini naye alitahini jambo hilo.

Pili, wanafunzi, hususan wa vyuo vikuu, wakusanye maneno ambayo wazee wa mitaa yao huyatumia kuelezea miili yao. Mtu wa Makadara husema moyo wanibana, wa Kisauni atasema vingine, na aliyehamia Mombasa kutoka Taita, Ukambani au Nyanza atakuwa na Kiswahili chenye historia nyingine. Orodha hizo zikusanywe kabla wenyewe hawajaondoka nazo.

Tatu, idara za Kiswahili na shule za uuguzi na udaktari zikae meza moja, zitunge karatasi moja tu ya maswali kumi ya kuulizwa kabla ya upasuaji wa mishipa, ijaribiwe kwa wagonjwa halisi, irekebishwe, kisha isambazwe. Lugha iwe ya yule mama wa Mji wa Kale: "Upandapo ngazi, moyo haukubani?"

Nne, sisi tunaowasindikiza wazee wetu hospitalini tusikae vitini kama nilivyokaa mimi. Tukisikia swali limeanguka upande mwingine, tuliokote. Tumuulize daktari: katika watu mia moja kama huyu, ni wangapi? Na tusipofanya, ni wangapi? Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa heshima.

Wahenga walitufunza tahadhari kabla ya hatari. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, nikaifundisha, nikaisahihisha katika insha za mamia ya wanafunzi. Siku niliyoihitaji ilikuwa siku ile ya kiti cha hospitali, na nilinyamaza. Natumai mwanafunzi atakayeyasoma makala haya, siku yake ikifika, atafungua kinywa.